Nchi Niliyoijenga kwa Mikono Isiyohisi

Juzi mama mmoja wa hapa kijijini alinifuata nyuma ya choo cha shule, akafunua bega la binti yake. Kulikuwa na baka moja, jeupe kidogo, upana wa kifuniko cha chupa. Akaninong'oneza, "Mwalimu, hivi na lako lilianza hivi?" Alinong'ona kana kwamba mimi na yeye tumeiba ng'ombe. Nikamjibu kwa sauti ya darasani, watoto wakasikia: ndiyo, lilianza hivi, mpeleke kliniki Jumanne, na usimfiche. Akamshika binti mkono na kukimbia naye. Basi naandika, maana wa kukimbizana nao nyuma ya choo watakuwa wengi na miguu yangu imechoka.

Sitaeleza ukoma unatoka wapi wala vijidudu vyake vinaitwaje. Hayo yako kwenye vitabu vya waganga. Nitaeleza nilichopitia na nani alinitenda nini. Hasira ninayo bado. Anayetaka simulizi ya mtu aliyesamehe kila mtu akatafute ya mwingine.

Naitwa Maduhu. Nilikuwa, na bado ni, mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja upande wa Ngulyati. Kijiji chenyewe kilikuwa kipya wakati huo. Operesheni ya kuhamia vijijini ilitutoa kwenye miji yetu ya zamani, ikatupanga mistari miwili kandokando ya barabara kama madawati. Nyumba ya marehemu baba yangu ilibomolewa asubuhi moja tu. Niliokoa mlango. Ulikuwa wa mninga, baba aliuchonga mwenyewe, na kwa mwaka mzima uliegemea ukuta wa nyumba yangu mpya bila kazi.

Shemeji yangu Nkwabi, kaka wa mke wangu Minza, alikuwa ametoka jeshini akafanywa mkufunzi wa mgambo. Kila Jumamosi mchana aliwakusanya mgambo mbele ya ghala la pamba, wameshika bunduki za mbao, akawafundisha vita. Alirundika mchanga chini: hiki kilima, huu mto, adui yuko huku. Basi upepo unakuja unafuta mto. Mbuzi wanapita katikati ya kikosi cha pili. Siku moja kuku alikuja akaoga vumbi juu ya makao makuu, mgambo wakacheka mpaka mafunzo yakafungwa. Nkwabi hakucheka, alikuwa mtu wa kazi.

Nikamwambia, "Shemeji, nchi unayofundishia inatawanyika. Nipe wiki tatu nikutengenezee isiyotawanyika."

"Kwa vifaa gani, Mwalimu? Duka la ujamaa halina hata misumari."

"Kwa takataka."

Na kweli zilikuwa takataka. Niseme ilivyokuwa, maana watu bado huniuliza. Mlango wa baba tuliulaza juu ya matofali ghalani. Milima ilikuwa magazeti makuukuu yaliyolowekwa siku mbili, yakatwangwa kwenye kinu kibovu na kuchanganywa na uji mzito wa muhogo. Juu yake nililaza vipande vya gunia vilivyochovywa uji huohuo. Halafu ukaja udongo wa kichuguu na mavi ya ng'ombe, nusu kwa nusu, kama ule ambao mama zetu husiriba nao sakafu. Ukipaka udongo mtupu utapasuka siku ya tatu, na usiniulize nilijuaje. Mto ulikuwa bluu ya kufulia, kitu pekee tulichonunua. Nyumba zilikuwa viberiti vitupu vilivyoezekwa nyasi. Mizinga ilikuwa vile vijiti vyeusi vya ndani ya betri za redio. Askari wa Nkwabi walikuwa punje za mahindi, wangu maharage. Na misitu yote ilikuwa ncha za miti ya pamba iliyokwisha kuvunwa, kwa sababu zina vitawi vidogovidogo, ukizitazama kwa jicho moja utaapa ni migunga ya mbugani.

Tuliiita "nchi". Kanuni tulizitunga wenyewe. Kamba yenye mafundo ilipima mwendo, mafundo matatu kwenye tambarare, moja mlimani. Vipande vinne vya kibuyu vilirushwa kuamua nani amepigwa. Mgambo walijifunza, lakini walionogewa ni sisi wawili. Mafunzo yakiisha watu wakienda zao, mimi na Nkwabi tunabaki ghalani tunapigana mpaka jua linapungua, na watazamaji wanajaa mlangoni kama kwenye bao.

"Mwalimu, wewe unapigana kama mke aliyenuna," alikuwa akinitania. "Umekaa mlimani tu, hutoki."

"Na wewe unatoka kila mara, ndiyo maana unakufa kila mara."

Katika wiki nzima hapakuwa na saa nilizozipenda kuliko hizo. Nalisema wazi ili msomaji ajue nilichonyang'anywa.

Kutoboa matundu ya kusimamishia miti nilitumia spoki ya baiskeli iliyopashwa moto kwenye mkaa. Jumamosi moja nilikuwa nimeishika kwa mkono wa kushoto, tunabishana kuhusu daraja, Nkwabi akanusa hewani. "Nani anachoma nyama?" akauliza. Tukatazamana. Nyama ilikuwa mimi. Spoki ilikuwa imelala juu ya kidole changu cha mwisho, ngozi imebabuka, na mimi bado naongea habari za daraja. Sikuhisi kitu. Nkwabi alikitazama kile kidole, akarudi nyuma hatua mbili, akachukua kofia yake akaondoka bila kuaga. Nilidhani ameshtuka tu.

Zahanati walitazama mabaka mawili ya mkono wangu wakasema mashilingi, fangasi tu wa ngozi. Nilipaka dawa ya mashilingi msimu mzima wa palizi. Hakuna aliyeniuliza kama mabaka yale yanahisi, na nilipojaribu kueleza habari za spoki niliambiwa, "Mwalimu, mwachie mganga kazi yake." Nikamwachia, na mkono wangu ukaendelea kufa. Wewe unayesoma shika hili: baka linalowasha lina nafuu. Baka lisilowasha, lisilotoa jasho, hata mbu akilala juu yake hujui, hilo likupeleke mbio.

Aliyenielekeza kliniki ya ukoma ni mpita njia. Ilikuja Jumanne ya kwanza ya kila mwezi, kwa Landrova, kwenye kituo cha afya. Wagonjwa wengine walikaa barazani, kwenye benchi, kivulini. Sisi tulikaa nje ya ua wa minyaa, juu ya gogo, juani. Hakuna aliyetuandikia amri, ilijulikana tu. Siku ya kwanza nilisimama mbali na lile gogo kwa muda mrefu, nikijifanya nasubiri mtu. Mama mmoja muuza dagaa aliniona. Alitoka Lamadi, safari ya kutwa, na alipita kliniki ya karibu na kwao ili wateja wake wasimwone. Akasogea akasema, "Njoo ukae, baba. Ila usikae upande ule, una siafu." Alikuwa hana kidole gumba. Alinimegea samaki mkavu nikala, na hadi leo sijui jina lake.

Mhudumu wa ukoma tulimwita Bwana Petro. Alinishika mkono. Naandika tena: alinishika mkono, kwa mikono yake yote miwili, mbele za watu. Akaniambia nifumbe macho, atanigusa kwa unyoya wa kuku, nami nionyeshe alipogusa. Nikafumba, nikasubiri aanze.

"Tayari, Mwalimu," akasema. "Mara nne."

Nilifumbua macho nikajikuta nalia mbele ya watu wazima. Akaniacha nikamaliza. Halafu akasema, "Ni ukoma. Unatibika. Vidonge kila siku, miaka kadhaa, usiruke hata siku moja. Ukiwa kwenye dawa humwambukizi mtu. Rudi ukafundishe."

"Na mikono?"

"Palipokwisha kufa ganzi sikuahidi. Palipobaki tutapalinda mimi na wewe."

Habari ilifika kijijini kabla ya baiskeli yangu. Siku ya tatu nikakuta sahani yangu imepakwa duara la bluu ubavuni. Bluu ileile ya mto wangu. Nikamuuliza Minza hii ni nini, akainama. "Kaka amesema tutenganishe vyombo," akajibu. Nilikula. Sikumgombeza, amri haikuwa yake. Lakini duara lile lilinichoma kuliko spoki, maana spoki sikuihisi.

Barabarani watu walinisalimu kutoka ng'ambo. "Mwangaluka, Mwalimu." "Mwangaluka." Wakishapita wanaongeza mwendo. Wazee wawili walinipa mkono kwa heshima, kisha nikawaona nyuma ya nyumba wanajisugua majivu. Wazazi watano waliwaondoa watoto wao darasani kwangu. Mwalimu mkuu akaniambia nipumzike kidogo, na alipoulizwa kidogo ni muda gani, akatazama dirishani. Nilikataa. Nilimwonyesha barua ya Bwana Petro, nikaendelea kufundisha madawati yenye nafasi.

Hayo yote ningeyavumilia. Nilitaka jambo moja tu, na nililitaka kitoto kabisa: Jumamosi ifike, Nkwabi akae upande wa pili wa meza, aniambie hutoki. Jumamosi zikafika. Nilikwenda ghalani nikapanga maharage yangu mlimani na mahindi yake bondeni. Nilikaa mpaka mbuzi wakarudishwa. Hakuja. Wiki ya tatu nikakuta kufuli mlangoni.

Kwetu huku, pamba ikishavunwa, miti yake yote hung'olewa na kuchomwa kabla ya siku iliyowekwa, maana funza wa pamba hujificha humo na kungoja msimu ujao. Ni sheria nzuri, nimewafundisha watoto mimi mwenyewe. Siku hiyo kijiji kizima kinatoa moshi. Nikatoka shuleni nikaona watu wamejaa mbele ya ghala, na juu ya lundo la miti ya pamba nikaiona nchi yangu, imelazwa, milima inaangalia juu.

Mwenyekiti wa kijiji aliniona akasafisha koo. "Mwalimu, sheria unaijua. Masalia ya pamba hayaruhusiwi kuonekana baada ya leo. Na hiyo meza ina masalia."

"Ng'oeni miti, muache meza."

"Haitenganishiki."

"Naitenganisha mimi sasa hivi."

Nikanyoosha mkono kwenye msitu wa kwanza. Watu wote wakarudi nyuma, mwenyekiti akawa wa kwanza, akamkanyaga mtoto. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba funza wa pamba ni mimi.

Kiberiti alikuwa nacho Nkwabi. Alivaa sweta lake la jeshi la mikono mirefu, asilolivua hata kwa jua lile. Nikamwita kwa jina, si shemeji, si afande. "Nkwabi. Huo ni mlango wa baba yangu." Hakunitazama. Aliwasha kwenye kona ya mto. Gunia na magazeti vilishika mara moja, lakini mninga hauna haraka, uliungua mpaka jioni. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Hawa waliona aibu hata kutaja ugonjwa, wakanisomea sheria ya kilimo.

Wiki iliyofuata Nkwabi alituma watu kumchukua dada yake arudi kwao Migato. Minza alifunga mizigo huku akisema, "Ni mpaka utakapopona." Nikamwambia Bwana Petro amesema si lazima. Akaniuliza kama Bwana Petro ndiye atakayewajibu wakwe zangu.

Mwaka wa pili wa dawa, mvua za kupandia zilipoanza, mwili uligeuka. Mabaka yalivimba yakawa mekundu, na mshipa wa kiwiko cha kushoto ukauma mpaka nikawa siwezi kuvumilia shuka iguse mkono. Ni jambo la ajabu, vidole havihisi moto lakini kiwiko kinapiga kelele. Nilidhani dawa inaniua. Nikaacha kumeza. Hilo lilikuwa kosa langu mwenyewe, simsingizii mtu, na ndilo ninaloomba usilirudie. Siku kumi na mbili nilizoacha dawa, vidole viwili vya mwisho vya kushoto vilijikunja kama vinataka kukamata kitu, na havijanyooka tena.

Nililazwa hospitali, nikarudishiwa vidonge. Walinifunga plasta kutoka kiwiko hadi vidole, nikawekwa wodi ya nyuma, karibu na stoo ya mafuta ya taa. Chakula kililetwa mlangoni na kuachwa chini. Mimi mwalimu, nimefundisha nusu ya vijana wa kata ile kusoma, nikawa nafuata ugali wangu sakafuni. Bwana Petro alipojua alikwenda jikoni nikasikia sauti yake mpaka wodini. Kesho yake chakula kilipanda juu ya kimeza. Ukipata mtu mmoja wa namna hiyo katika ugonjwa wako, usimwache.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuishi na mikono hii. Jicho lifanye kazi ya kidole, alisema. Usishike sufuria bila kitambaa, hata kama unaona imepoa. Kila jioni kabla jua halijazama kaa chini, kagua mikono, pande zote, kama unavyokagua madaftari. Iloweke kwenye maji, ipake mafuta, nyoosha kila kidole kwa mkono mwingine, kimoja kimoja. Nilifanya hivyo kila siku. Nilipotoka hospitali pamba ilikuwa imeanza kuchanua.

Halafu ikaja vita ya Kagera, vita ya kweli. Vijana wetu wengine wakaondoka na malori. Na vita ilipokwisha likaja tangazo kwamba mafunzo ya mgambo yatakaguliwa na afisa kutoka Bariadi mjini. Mwenyekiti akafika kwangu. Alisimama nje ya ua.

"Mwalimu, ile meza. Tunaihitaji."

"Mliichoma."

"Ilikuwa ni sheria." Akabadili mguu. "Tumefikiri hivi. Wewe utuelekeze tu kwa mdomo. Vijana watashika wao."

Nilimwacha asimame juani kidogo. Nikamjibu, "Uji wa muhogo hauchanganywi kwa mdomo. Nitaitengeneza mimi, au mkafundishie vumbi na kuku."

Akakubali, maana tarehe ilikuwa karibu. Nikatengeneza nchi ya pili, peke yangu, uani kwangu, kila mtu akiona. Mlango sikuwa nao tena, nikatumia mabati ya madebe yaliyonyooshwa na kupigiliwa kwenye fremu. Spoki niliishika kwa koleo la mti. Vitu vya moto nilivitazama, sikuviamini. Kazi ya wiki tatu ilichukua miezi miwili, na ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza. Milima ilikuwa na makorongo, na mto ulikuwa na kivuko ambacho lazima ukitafute. Kama kuna mtu alidhani nitafanya ovyo kwa uchungu, hajui walimu.

Siku ya ukaguzi nilikaa mlangoni mwa ghala. Nkwabi alikuwa anaendesha mafunzo, na mgambo walisogeza punje kwa fimbo. Fimbo ndefu, kila mmoja na yake, hakuna aliyegusa meza kwa kidole. Afisa alifurahi sana. "Hii ndiyo nidhamu," akasema. "Hata ramani hawaichafui kwa mikono. Nani aliyeifanya kazi hii?"

Mwenyekiti akasema, "Wakufunzi wetu, ndugu afisa." Nkwabi akatazama viatu vyake.

Nikaingia. "Ndugu afisa, nimeitengeneza mimi. Hizo fimbo si nidhamu. Wanaogopa kugusa nilipogusa, kwa sababu nina ukoma. Niko kwenye dawa mwaka wa nne, siwezi kumwambukiza hata nzi."

Afisa alikuwa ameegemeza kiganja chake juu ya kilima kikubwa tangu alipofika. Akakitazama. Akakiondoa polepole, akakifuta kwenye suruali, akiniangalia usoni na kutabasamu kwa adabu. Akasema muda umekwisha, ana vijiji vingine. Mtu mwenye cheo na elimu. Nilirudi nyumbani nikachukua jembe nikalima shamba ambalo halikuhitaji kulimwa.

Lakini maneno yale yalifika Migato. Siku chache baadaye Minza aliingia uani na beseni la nguo kichwani, bila mtu wa kumsindikiza. Hakuomba radhi. Alipika ugali, akatafuta sahani, akaikuta ile ya bluu. Akaweka ugali humo, akaketi, akamega tonge yeye kwanza. "Nimechoka kuulizwa mume wangu yuko wapi," akasema. Nikamega na mimi. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, na mengine nilimwambia miaka iliyofuata, kwa sauti. Siku ile nilikula.

Dawa niliachishwa katika miaka ya dhiki, wakati sabuni ilikuwa hadithi na sukari ya foleni. Bwana Petro aliandika kwenye kadi yangu kwamba nimepona, akagonga muhuri. Watoto walikuwa wamerudi darasani, mmoja mmoja. Nchi ya pili ilikuwa uani kwangu chini ya kipaa cha nyasi, maana mgambo hawakuitaka tena, na wanafunzi wangu wa darasa la sita waliichezea bila fimbo. Nkwabi ndiye aliyekuwa hajakanyaga kwangu.

Alikuja Jumamosi moja mchana, wakati wa palizi. Alisimama mbele ya ile meza muda mrefu, akaketi upande wa pili, mahali pake. Miaka yote ile nilikuwa nimengoja mtu huyu akae pale.

"Mwalimu," akasema. "Bado hutoki?"

Akavua lile sweta. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekunja vidole vinne vyote, na kwenye kiganja alikuwa na kidonda cha siku nyingi kilichofungwa kitambaa cheusi kwa uchafu. Baka lilitoka kiwiko hadi bega.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Nilitoka nalo jeshini."

Ikanichukua muda kulielewa neno hilo. Alikuwa nalo siku ya spoki. Aliposikia harufu ya nyama inayoungua alijua ni nini kabla yangu, kwa sababu alikwisha kujichoma yeye, akanyamaza. Aliniachia nipake dawa ya mashilingi. Alimchukua dada yake. Aliwasha kiberiti mbele ya kijiji kizima ili asiwepo mtu wa kumtazama yeye.

Nilimwambia yote niliyokuwa nayo. Nilimwambia kwamba gogo la kliniki lilikuwa na nafasi miaka yote ile. Kwamba dawa ilikuwa bure. Kwamba mficha maradhi kilio humuumbua, na yeye hata kilio hakukingoja, alikwenda kuchoma mlango wa marehemu. Nilimwambia kwamba angesema siku ile, leo angekuwa na vidole vyake, na mimi ningekuwa na shemeji. Minza alitoka jikoni akasimama, akausikia ugomvi wote, akauona mkono wa kaka yake. Akaketi chini palepale mlangoni.

Nkwabi hakujitetea. Alisema tu, "Niliogopa, Mwalimu." Halafu akaanza kupanga punje za mahindi bondeni kama zamani, ila kwa mkono wa kushoto, zikawa zinamponyoka.

"Acha," nikamwambia. "Hatuchezi."

Sijamsamehe. Jumanne nilimpeleka kwa Bwana Petro kwa baiskeli yangu, sijamsamehe, na hata leo nikiona moshi wa pamba natukana peke yangu. Lakini siku ile ya Jumamosi jua lilikuwa halijazama, na kidonda chake kilikuwa kinanuka. Nikamwagiza Minza maji ya uvuguvugu, apime yeye joto lake. Nikaburuta kigoda mbele ya nyumba, kando ya barabara, nikamketisha hapo. Nikaulaza mkono wake mapajani mwangu, nikaanza kuukunjua, kidole kimoja kimoja. Watu waliokuwa wanatoka mnadani wakasimama ng'ambo kutazama. Nkwabi akataka kuurudisha mkono ndani ya sweta. Nikaushikilia.

"Wanaona," akasema.

"Waone," nikamjibu, nikaendelea na kidole cha tatu.